Mwani wa Ikoma

Chumba chenye dirisha kubwa ndicho walicholala Wegesa na mume wake, na ndicho kilichojaa chupa. Tabitha alielezwa hivyo siku aliyofika Mugumu kumhudumia binti yake huyo aliyejifungua, akajibu kwamba hayo hayamhusu. Alikuwa amekuja kufua nepi, kupika uji wa ulezi na kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Chupa zina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mkwe wake, Wilbard, Mhaya wa Muleba, mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja pale mjini. Alikuwa anasomea shahada ya pili, na utafiti wake ulikuwa wa mwani. Si ule mwani wa baharini unaolimwa kwa kamba, bali mwani mdogo mno, chembe moja moja, ule unaoyapa maji ya lambo rangi ya kijani. Alitaka kujua upo wa aina ngapi katika maji ya Serengeti na Tarime, na upi kati yake una mafuta ya kutosha kutengenezea dizeli. Kila Jumamosi alipanda pikipiki akiwa na ndoo na chujio la kitambaa laini, akaenda kuchota maji ambayo wenye akili zao walikuwa wanayakwepa. Majirani walimwita Mwalimu wa Matope. Naye aliitika.

Tabitha hakulala katika nyumba ile. Alilala kwa Jesca, nesi aliyepanga nyumba ya jirani, na aliyeuliza aliambiwa kwamba nyumba ya Wegesa ni ndogo. Kweli ilikuwa ndogo, lakini sababu haikuwa hiyo. Kwa Wakurya, mama mkwe na mume wa binti yake hupeana nafasi. Hawashikani mikono, hawaitani majina, na mama mkwe hakanyagi chumba anacholala mkwe wake. Kukiona kitanda chao ni sawa na kuwakuta uchi. Jambo hilo huitwa nsoni, yaani aibu, lakini ni aibu inayohesabiwa kuwa heshima.

Ila Tabitha hakupenda ijulikane kwamba anaishika. Alikuwa bibi shamba wa Nyamwaga, mwenye diploma yake ya kilimo, na katika mikutano ya wakulima hakuwa na simile. Mwaka jana tu alimsimamisha mama mmoja mbele ya watu kwa sababu mahindi yake yaliozea shambani wakati mkwe wake, kijana mwenye nguvu na mkokoteni, alikuwa anapita barabarani akiangalia pembeni. "Nsoni haivuni mahindi, mama," alimwambia. Watu walicheka. Yule mama aliinamisha kichwa. Tabitha alimsimulia Wilbard kisa hicho siku ya pili tu ya kufika kwake, yeye akiwa amekaa barazani na Wilbard amesimama uani, na Wilbard alicheka mpaka akashika ukuta.

"Waitu, mama!" alishangaa kwa Kihaya. "Kumbe nimeoa kwa watu wa kisasa!"

Siku ile Tabitha alifurahi. Alimwambia Wegesa kwamba mumewe ana akili.

Wilbard mwenyewe nsoni haikumwingia kichwani. Alimnyooshea mama mkwe mkono kila asubuhi, na kila asubuhi Tabitha alikuwa ameshika kitu: beseni, kuni, mtoto. Alimkaribisha chumbani akaone chupa. Tabitha akasema ana unga mikononi. Basi Wilbard akamtolea hadubini nje, akaiweka juu ya stuli barazani, akadondosha tone moja la maji juu ya kioo, akasogea kando.

"Angalia, Mama. Hayo ni ya bwawa la Manchira, ya ukingoni."

Tabitha aliinama. Aliona vitu kama mwezi mchanga, vya kijani, vimelala ovyo. Tone la pili lilitoka kwenye majaruba ya mpunga. Humo chembe zilikuwa nne nne, zimeshikana kama punje za mahindi kwenye gunzi, na zile za pembeni zilikuwa na miiba. La tatu lilikuwa la chumvi, limetumwa kutoka pwani na mtaalamu mmoja, Dokta Felista, ili Wilbard ailee aina hiyo pamoja na zake na kulinganisha. Hizo zilikuwa zinaogelea, kila moja ina mikia miwili, zina haraka kama zimeitwa.

"Na hii ndiyo ya dimbwi la Ikoma," Wilbard alisema, na sauti yake ilibadilika kidogo.

Ya Ikoma ilikuwa vichala. Kila kichala kimekunjamana kama suke la ulezi lililokomaa. Wilbard alichukua sindano, akaminya kioo cha juu taratibu. Kutoka kwenye vichala kukatoka matone madogo yanayong'aa, moja baada ya jingine.

"Nini hicho?"

"Mafuta, Mama."

Tabitha hakuinua kichwa haraka. Alikuwa amefanya kazi na alizeti, ufuta na pamba, na hakuwahi kuona mbegu ikitoa mafuta kwa kuguswa.

"Sasa debe moja litapatikana lini?"

"Debe!" Wilbard alicheka. "Hizi zinakua polepole kuliko zote. Wenzake wanajaza chupa, yeye bado anafikiria. Kwanza zipimwe pwani, kwenye matangi. Dokta ana nafasi moja tu ya aina kutoka maji ya bara, na amesema yetu ikifika hai na yenye nguvu ataipa. Ikifaulu ndipo watu watazungumza habari za madebe."

"Isipofaulu?"

"Naandika kwamba ilikuwepo." Alifuta kioo kwa shati lake. "Lile dimbwi lenyewe limeshakauka, Mama. Nilirudi mwezi uliopita nikakuta nyayo za nyumbu na tope lililopasuka. Iliyobaki ni hii iliyo ndani ya chupa."

Tangu siku ile Tabitha aliacha kusema chupa zina mwenyewe. Asubuhi aliuliza habari za mtoto, kisha za Ikoma.

Wilbard alipangiwa kusimamia mtihani wa darasa la saba katika shule iliyo mbali, na wasimamizi wa mtihani hawaruhusiwi kuwa na simu. Chupa ya Ikoma ilikuwa isafiri kwa basi la kesho yake. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni akarudia maagizo ambayo Wegesa aliyajua kama sala. Umeme ukikatika, pampu ya hewa inasimama na feni inasimama. Basi chupa zitolewe kwenye rafu, ziwekwe ndani ya beseni la maji, zitikiswe mara kwa mara, na maji yakipata joto yabadilishwe. Chumba kile hakikuwa na dari. Bati la Septemba lilikuwa halina mzaha.

"Hata Mama anajua sasa," Wegesa alisema.

"Najua," Tabitha alisema kutoka jikoni.

Kabla ya saa sita mtoto alipata homa. Alikataa ziwa, akawa mlegevu mikononi. Tabitha alimgusa kichwa mara moja tu, akasema hospitali, sasa hivi. Wegesa alivaa viatu visivyofanana. Bodaboda ilipokuwa inawaka ndipo umeme ukakatika; walijua kwa sababu redio ya jirani ilinyamaza katikati ya neno.

"Mama, chupa!"

"Nenda na mtoto. Nitazishusha."

Hakuwa na shaka alipokuwa anasema hivyo. Alirudi ndani, akafungua bomba, akajaza ndoo maji, akaibeba mpaka kwenye mlango wa chumba. Pazia la mlango lilikuwa limefungwa kwa fundo pembeni. Akasimama.

Kitanda kilikuwa hakijatandikwa. Wegesa alikuwa ametoka mbio. Shuka lilikuwa limevutwa upande mmoja na kuning'inia, mito miwili ilikuwa imelala pamoja, na godoro lilikuwa na shimo katikati, pale wanapolala. Juu ya kiti kulikuwa na suruali ya Wilbard imegeuzwa nje, na nguo yake ya ndani juu yake. Ili kuifikia rafu ya chupa ilibidi kupita kati ya kitanda na kiti, mahali pembamba kiasi kwamba sketi ingegusa huku na huku.

Tabitha aliangalia ukuta. Alijiambia: ni chumba, ni mbao na pamba na nguo chafu, umefua nguo za wanaume maisha yako yote. Mguu haukuinuka. Alihisi uso unamchoma kama aliyepigwa kofi mbele ya watu, na nyumbani hapakuwa na mtu. Aliweka ndoo chini.

Alitoka. Jesca alikuwa kazini kulekule hospitali. Mwingine aliyekuwepo alikuwa Boke, mwanamke aliyeuza mboga na dagaa kwenye kibanda cha ng'ambo ya njia.

"Boke, njoo unisaidie kitu kidogo. Kuna chupa za mwalimu zinatakiwa kuingizwa kwenye maji."

"Ziko wapi?"

"Chumbani."

Boke aliacha kupanga mafungu ya mchicha. "Chumbani kwa nani?"

"Kwa Wegesa."

"Na mume wake. Sema yote, Mama Wegesa." Boke alicheka kwa sauti. "Wewe ukiingia ni mkosi, mimi nikiingia ni fumanizi! Mwenye chumba akirudi akinikuta nimeinamia karibu na kitanda chake, hizo chupa zitanitetea?"

"Nitakuwa mlangoni."

"Ukiwa mlangoni na mimi ndani, ndiyo itakuwa kesi kabisa. Lakini si wewe bibi shamba? Mama yangu mdogo yuko Nyamwaga. Alituambia kuna bibi shamba anasema nsoni haivuni mahindi." Boke alimwangalia, tabasamu likaanza kupungua. "Au alikuwa mwingine?"

Tabitha alisema alikuwa mwingine.

Alirudi nyumbani haraka, kama mtu mwenye la kufanya, na la kufanya akalipata. Alichukua blanketi zito, akazunguka nje mpaka kwenye dirisha, akalipitisha kwenye nondo na kulifunga kwa kamba juu na chini. Kioo kilikuwa kimefungwa kwa komeo la ndani kwa ajili ya vumbi, kimebakiza nafasi ya kidole tu ya kupitisha hewa, na pembeni mwa blanketi aliziona chupa zimepangana kwenye rafu, zimetulia, mapovu yamekoma. Jua halikuzifikia tena. Akajipangusa mikono. Kivuli ni kivuli, alijiambia.

Lakini alikuwa ameshawaambia wakulima wengi, na kuwafokea, wasihifadhi mbegu chini ya bati lisilo na dari, hata gizani, kwa sababu joto halihitaji kuona. Alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba blanketi limeziba upepo. Akaenda kuchambua mchele.

Simu ilipolia aliidaka.

"Mama, wamempima. Ni malaria, wameshamwanzishia dawa. Wanataka akae mpaka jioni wamwangalie."

"Ameshika ziwa?"

"Amenyonya kidogo. Mama, umezishusha?"

Ungo ulikuwa mapajani. Kutoka alipokaa aliiona ndoo, bado imejaa, bado iko mlangoni.

"Nimezishusha."

"Zote? Na ile ya Ikoma?"

"Wegesa, nimekwambia nimezishusha. Hangaika na mtoto."

"Asante, Mama," Wegesa alisema, na sauti yake ikalegea kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilikuwa naogopa. Nikasema hapana, Mama yupo."

Baada ya simu ile Tabitha alijaribu tena. Alifika kizingitini akafumba macho, akafikiri labda ataingia hivyo, kwa kupapasa. Akaona mkono wake ukipapasa shuka lile. Akafumbua macho, akaondoka, akamwaga maji ya ndoo kwenye mgomba ulioko uani, kwa nguvu, kama aliyekuwa amekusudia kuumwagilia tangu mwanzo. Bati lilikuwa linalialia kwa joto. Mlangoni, hewa iliyotoka chumbani ilikuwa ya tanuri.

Umeme ulirudi jua likiwa limeinama. Alisikia pampu inaanza kuvuma na mapovu yanapanda, akaenda nje akalifungua blanketi, akalikunja, akalirudisha mahali pake. Hapo ndipo alipojua kwamba anaficha.

Walirudi pamoja. Wilbard alikuwa ameupata ujumbe wa Wegesa alipokabidhiwa simu yake, akapitia hospitali. Mtoto alikuwa amelala, uso umelainika, na Tabitha alimpokea akamshika kifuani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wilbard alimsalimia, "Shikamoo, Mama, pole na siku," akaingia chumbani.

Kisha Wilbard akatoka na chupa moja, ameishika kwa mikono miwili. Maji ya kijani yalikuwa yamegeuka rangi ya chai iliyolala, na vichala vilikuwa vimeganda juu, vimeng'ang'ania kioo. Aliiweka juu ya meza ya sebuleni, akaleta hadubini, akadondosha tone, akaangalia. Akadondosha jingine.

"Vipi?" Wegesa aliuliza.

"Ya pwani nzima. Ya mpunga imechoka lakini ipo. Ya Manchira sijui. Hii..." Alibadilisha kioo. "Hii ni maganda."

"Haiwezekani. Mama alizishusha."

"Beseni ni kavu, Wegesa."

"Kwa hiyo unasema Mama ni mwongo?" Wegesa aligeuka, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda hospitali bila kula. "Nimemuuliza mwenyewe kwenye simu. Mama hajawahi kunidanganya hata kwa sindano, aliniambia itauma! Si alizirudisha kwenye rafu umeme uliporudi? Mama, si ulizirudisha?"

Njia ilikuwa imefunguliwa na binti yake mwenyewe, pana kabisa. Tabitha alikuwa amesimama karibu na mlango wa nje na mtoto begani. Aliinamisha kichwa, namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo.

"Basi ni mimi," Wilbard alisema papo hapo. Alisema kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza ugomvi. "Sikusema maji yabadilishwe mara ngapi. Mama angejuaje? Kosa ni langu."

Hilo lilimchoma Tabitha kuliko kama angetukanwa. Kijana alikuwa analibeba, na alilibeba kwa heshima.

Dokta Felista alikuwa anasubiri kujua basi litakaloleta chupa. Wilbard alimpigia, akaiacha simu mezani ikiwa imefunguliwa sauti, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado kwenye hadubini, bado anatafuta. Alieleza. Umeme umekatika mchana. Chupa zimeingizwa kwenye maji kama kawaida. Ya mpunga na ya pwani zimepona, ya Ikoma imekufa.

"Kwenye maji?" Sauti ya Dokta Felista ilikuwa ya mtu anayepima. "Mwalimu, umeniambia mara ngapi kwamba hii ndiyo yenye nguvu?"

"Nilisema, Dokta."

"Za mpunga zimepona, ya kwangu imepona, hii ya kwako imekufa ikiwa imekaa kwenye maji, kivulini, kwa mchana mmoja. Sasa mimi niipeleke kwenye tangi lililo juani? Hapana. Mafuta iwe nayo, lakini kitu kinachokufa kwa kubembelezwa hakifai. Naifuta. Hata mvua zikinyesha usihangaike kwenda kuitafuta tena. Ile nafasi nitawapa watu wa Ziwa Rukwa."

"Nimekuelewa, Dokta," Wilbard alisema.

Hakubisha. Tabitha aliona bega lake moja limeshuka, kama la mtu aliyetua ndoo asijue aende wapi. Alingoja amwambie Dokta jambo lolote: kwamba labda maji hayakutosha, kwamba labda kuna kitu. Hakusema. Angewezaje kusema, wakati neno la mama mkwe wake ndilo lililokuwa linasimama katikati.

Na jambo lile sasa halikuwa la chupa moja. Mwani wa Ikoma ulikuwa unaandikwa kuwa dhaifu, na haukuwa dhaifu. Ulikuwa umechemshwa.

"Haikuwa kwenye maji," Tabitha alisema.

Wegesa alikuwa anavua viatu. Alibaki na kimoja mkononi.

"Nani huyo?" Dokta Felista aliuliza.

Wilbard aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Tabitha hakumwangalia. Alisogea mezani, akasemea kwenye simu.

"Naitwa Tabitha. Ni mama yake mke wa mwalimu. Mimi ndiye niliyeachiwa chupa. Sikuzishusha. Zimekaa kwenye rafu mchana kutwa."

"Mama," Wegesa alisema taratibu.

"Nilifunga blanketi dirishani kwa nje, halafu nikalifungua. Nilimwambia Wegesa nimezishusha, na sikuwa nimezishusha. Mwalimu hana kosa. Na hiyo ya Ikoma haina kosa."

Dokta Felista akauliza, "Nyumba ina dari?"

"Haina. Bati tupu. Na feni haikuwepo, na blanketi lilizuia hewa. Mimi ni bibi shamba, Dokta, najua joto la namna hiyo. Hata mahindi ya mbegu hayaoti yakitoka humo."

"Joto hilo lingeua nyingi," Dokta Felista alisema, polepole zaidi. "Hata ya mpunga nashangaa imepona. Ya kwangu imezaliwa kwenye mashamba ya chumvi, hiyo haishangazi. Basi siifuti. Mwalimu, unanisikia? Mwaka huu nafasi inaenda Rukwa, hilo siwezi kulibadilisha. Lakini jina la Ikoma linabaki. Mvua zikijaza lile dimbwi, nenda ukachote, kama bado ipo."

"Kama bado ipo," Wilbard alisema.

"Ila lazima nieleze kwenye ripoti imekufaje, kwa sababu wenzangu wataniuliza. Maagizo yalikuwepo, beseni lilikuwepo, maji yalikuwepo?"

"Yalikuwepo," Tabitha alisema. "Nilijaza ndoo, nikaifikisha mlangoni."

"Ukaugua? Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa wazi."

"Sasa kwa nini hukuingia, mama?"

Haikuwa sauti ya ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nje, Boke alikuwa anamwita mteja. Wegesa alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, anamtazama mama yake kwa macho ambayo Tabitha hakuwahi kuyaona kwake, si ya hasira. Kama mtu anayemsaidia mgonjwa kutembea na kuogopa kumshika. Alikuwa ameshaelewa. Midomo yake ilifunguka, na Tabitha alijua atasema nini: ungeniambia, ningempigia Jesca aje mara moja, lilikuwa jambo dogo. Hakulisema. Wilbard alikuwa ameketi umbali wa mkono, na palikuwa hapana namna ya kumwambia Dokta bila yeye kusikia.

"Kitanda kilikuwa hakijatandikwa," Tabitha alisema.

"Samahani?"

"Kitanda chao, Dokta." Ilibidi apaze sauti, kwa sababu mtandao ulikuwa unakwaruza. "Chupa ziko chumba wanacholala. Kitanda kilikuwa hakijatandikwa, na nguo zake zilikuwa kwenye kiti. Mimi ni mama mkwe wake."

Wilbard aliinuka. Hakusema waitu, hakucheka. Alipita kando ya ukuta, mbali na Tabitha, uso ameuinamisha, akatoka nje hadi barazani akasimama akiwa amewapa mgongo. Simu ilibaki mezani kando ya chupa, bado iko hewani.

"Nipo, mama," Dokta Felista alisema. "Endelea."

"Ni hayo tu, Dokta," Tabitha alisema, akamhamishia mtoto bega la pili.